Kaki ya Burma si Kombati ya Leo

Mpenzi wa magari ya zamani ya kijeshi akishafufua jipu ya Willys au Land Rover ya miaka ya mwanzo, akaipaka rangi yake ya asili na kufunga madumu ubavuni, swali linalobaki ni moja: dereva avae nini? Kule Normandy, Ufaransa, kila Juni watu huendesha magari ya 1944 wakiwa na sare za 1944, na wenyeji huwapungia mikono. Uganda jibu limekuwa fupi: gari lete, sare iache nyumbani. Najua jibu hilo limetoka wapi. Bado naliona fupi mno.

Tuanze na sheria. Septemba 2019 serikali ilichapisha kwenye gazeti rasmi mavazi yanayohesabiwa kuwa mali ya jeshi, ikiwemo ile bereti nyekundu iliyokuwa alama ya vijana wa People Power, vuguvugu la upinzani la Bobi Wine, na raia akikutwa nayo adhabu inaweza kufika kifungo cha maisha. Januari 31, 2025 Mahakama ya Juu iliamua kwamba raia asishtakiwe katika mahakama za kijeshi. Kabla mwaka haujafika nusu, Bunge likapitisha marekebisho yanayowarudisha huko katika mazingira fulani. Mpenzi wa magari si mwanasiasa, lakini ofisa aliyesimama kwenye kizuizi cha barabarani saa mbili usiku hana namna ya kujua hilo. Anaona rangi ya nguo, anaona gari la kijeshi, anaona mtu asiyemfahamu.

Na hofu ya wananchi ni nzito kuliko ya ofisa. Waliokuwa watu wazima Kampala mwanzoni mwa miaka ya 1980 wanakumbuka operesheni za panda gari: mtaa unazingirwa alfajiri, lori linasimama, watu wanapandishwa, na wengine hawakuonekana tena. Kwa mama aliyempoteza mtu wake hivyo, lori na sare vikija pamoja havimwambii habari za makumbusho. Kuna pia usiku wa kuamkia Julai 4, 1976, makomando wa Israel waliposhuka uwanja wa ndege wa Entebbe kuokoa mateka, wakiwa na Mercedes nyeusi na Land Rover nyuma yake, wamevaa nguo za kufanana na za askari wa Idi Amin, mtawala wa wakati ule, ili walinzi wadhani ni msafara wa mkubwa wao. Nchi iliyowahi kudanganywa kwa gari na sare namna hiyo ina haki ya kuwa na macho makali.

Hoja hizo nazikubali zote. Lakini zote zinahusu sare fulani, za miaka fulani, zikiwa barabarani. Ajabu ni kwamba zimetumika kufukia sare nyingine kabisa.

Katika Vita vya Pili vya Dunia Uganda ilitoa askari wapatao 77,000. Watu elfu sabini na saba, kutoka nchi ambayo wakati ule haikuwa na watu milioni tano. Hakuna sehemu ya Uganda ambayo haikutoa mtu. Batalioni ya 4 ya King's African Rifles (KAR, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki), ambayo ndiyo iliyokuwa ya Uganda, iliingia Burma, Myanmar ya leo, na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, wakashuka bonde la Kabaw mwaka 1944 katikati ya masika, mahali ambapo tope lilimeza magari na malaria ikaangusha watu kabla ya risasi za Wajapani. Desemba 2 waliuteka mji wa Kalewa kwenye mto Chindwin. Wengine wengi hawakubeba bunduki mstari wa mbele. Walikuwa madereva, mafundi na wapagazi. Afrika Mashariki ilipata kizazi kizima cha madereva wa malori waliojifunzia usukani jeshini.

Sasa muulize kijana wa Mbale au Gulu babu yake alivaa nini huko. Hajui. Hajawahi kuiona kaptula ya kaki, wala ile kofia ya ukingo mpana iliyokunjwa upande mmoja, wala tarbushi ya gwaride. Kati ya askari hao 77,000, waliokufa wamebaki majina kwenye mawe ya makaburi ya vita, na wengi hata jiwe hawana. Jipu iliyosimama peke yake uwanjani inamwambia kijana huyo kwamba Waingereza walikuwa na magari mazuri. Akimwona mtu mweusi kama yeye amekaa nyuma ya usukani, na kaki na kofia ile kichwani, anauliza: huyu ni nani? Swali hilo gari peke yake haliwezi kulizaa. Ndiyo maana siwachukulii wanaoomba kuvaa kama watu wa maonyesho tu. Wengi wao wamesoma kuliko sisi tunaowakataza: wanajua kifungo kipi kilikuwa cha shaba, na nembo ya kichwa cha kifaru ilikuwa ya divisheni gani.

Wapo wanaosema KAR lilikuwa jeshi la mkoloni, lilitumwa kuwapiga Mau Mau Kenya, na Amin mwenyewe alilelewa humo. Ni kweli. Lakini askari wa kawaida wa mwaka 1942 hakuchagua dola iliyomtawala, na wengine hawakuchagua hata kuandikishwa. Kumficha hakumwadhibu mkoloni.

Sisi wasemaji wa Kiswahili nchini hapa tunalijua jambo hili kwa ngozi yetu. Kiswahili kilikuwa lugha ya amri ya KAR, kisha lugha ya kizuizini, lugha ya kuulizwa kitambulisho kwa kitako cha bunduki. Amin alikitangaza lugha ya taifa mwaka 1973, na kwa miaka mingi ukikisema sokoni watu walikutazama mikono kwanza. Hata hivyo marekebisho ya katiba ya 2005 yalikifanya lugha rasmi ya pili, na leo watoto wanafundishwa darasani. Hofu ile haikuondoka kwa kunyamaza. Imekuwa ikipungua kila watu wanapokisikia kutoka midomo isiyo na bunduki.

Kwa hiyo mpaka ningeuweka kwa miaka na kwa mahali. Sare za 1971 hadi 1986, za jeshi lolote, zisivaliwe hadharani hata kama mtu ana nia njema namna gani. Waliopigwa na waliovaa hivyo bado wako hai, Luweero na Nile Magharibi. Kombati yoyote yenye madoa, hapana, hata ikiwa ya nchi ya mbali, kwa sababu ukiwa umbali wa hatua hamsini haina tofauti na ya UPDF, jeshi la Uganda la leo. Barabarani, kaki pia hapana: sare isafirishwe ndani ya begi, ivaliwe uwanjani, ivuliwe uwanjani.

Lakini ndani ya uwanja, kwenye maonyesho yaliyotangazwa na polisi wakijua, kaki ya Burma iruhusiwe. Sheria ya Uingereza ya 1894 inayokataza raia kuvaa sare iliacha mlango kwa michezo ya jukwaani na maigizo halali ya kijeshi, na sheria za adhabu tulizorithishwa Afrika Mashariki zilibeba mlango huohuo. Wizara ya Ulinzi ikitoa mwongozo wa kurasa mbili, wenye picha za sare zinazoruhusiwa na jina la ofisa wa kuandikiwa barua, ofisa wa kizuizini na mwenye jipu watakuwa na karatasi moja ya kusoma wote wawili.