Ukinunua Pikapu Kuukuu, Anza na Chesisi

Wanunuzi wengi wa pikapu zilizotumika hapa Dar es Salaam huanzia kwenye injini. Boneti hufunguliwa, muuzaji hupiga resi, watu hutazama rangi ya moshi, dalali hukoleza maneno, na kabla ya saa kupita wameshaanza kupatana bei. Kwa maoni yangu huko ni kuanzia mwisho. Injini ya Toyota Hilux ya miaka ya tisini ikifa, nyingine inapatikana Kariakoo, upande wa Gerezani, au kwa wauzaji wa vifaa vilivyotumika vinavyoingizwa kwa makontena kutoka Japani na Dubai. Itakuuma mfukoni, lakini akiishika fundi anayeijua kazi yake, gari litarudi barabarani. Chesisi, yaani ile fremu ya chuma iliyo chini ya gari, ikioza au ikipinda, habari ni nyingine kabisa, kwa sababu ndiyo inayobeba mzigo na ndiyo yenye namba ambayo TRA, mamlaka ya mapato, inalitambulia gari. Ukibadilisha injini, unakwenda kurekebisha namba yake kwenye kadi na mambo yanaisha. Ukibadilisha chesisi, kisheria ni kama una gari jingine, na maelezo utakayotakiwa kuyatoa hayatakuwa mafupi.

Tunaishi kando ya bahari, na bahari haina urafiki na chuma. Pikapu iliyolala miaka mingi Kunduchi, Mbezi Beach au Kigamboni huliwa na kutu kuanzia chini, hata kama milango na bodi vinang'aa. Mbaya zaidi ni ile iliyokuwa ikichukua samaki kwenye soko la Feri: maji ya barafu iliyoyeyuka, yakiwa na chumvi na damu ya samaki, hupenya kwenye matundu ya bodi na kushuka hadi kwenye reli za chesisi, vile vyuma vyake virefu vya pembeni, ambazo ndani ni tupu na hukusanya tope, na tope hilo likikaa na unyevu wa chumvi, chuma huoza kutoka ndani kuja nje. Ndiyo maana macho peke yake hayatoshi. Fundi alale chini akiwa na tochi na nyundo ndogo, agonge taratibu kuanzia nyuma ya kebini hadi kwenye vishikizo vya springi za nyuma. Chuma kizima hulia kwa sauti kali. Kilichooza hutoa mlio mzito usio na mwangwi, na wakati mwingine magamba ya kutu humdondokea fundi usoni. Nikikuta chini kumepakwa rangi nyeusi mbichi, hasa kwenye gari ambalo muuzaji anaapa kwamba halijawahi kuguswa, huwa sisubiri nyundo.

Baada ya kutu kuna mzigo. Mfuko wa saruji una kilo 50, kwa hiyo mifuko 20 ni tani moja, na hicho ndicho takribani kiwango ambacho pikapu nyingi za daraja hili zilitengenezwa kukibeba. Anayepita Goba, Chanika au Bunju, ambako ujenzi haulali, anajua kwamba mifuko 30 si ajabu, tena ikiwa na nondo juu yake na vibarua wawili waliokalia nondo. Wenye magari huongeza majani ya springi ili nyuma isikae, na hapo ndipo chesisi inapopata tabu, kwa kuwa springi iliyokazwa kupita kiasi haimezi kishindo cha shimo, bali hukipeleka moja kwa moja kwenye reli. Simama ubavuni mwa gari, hatua chache mbali nalo, utazame mwanya ulio kati ya kebini na bodi la nyuma. Ukiwa mpana juu kuliko chini, mkia umeinama. Kisha tafuta alama za kuchomelea kwenye reli, hasa pale zinapopanda kupita juu ya ekseli. Dalali atakwambia, "Kaka, hiyo ni kawaida kwa gari la kazi." Ni kweli ni kawaida, lakini basi na bei iwe ya gari lililounganishwa.

Kuna jambo la namba ambalo watu wa mjini tunalichukulia juu juu. Tumezoea kusema gari hili ni namba B, lile ni namba D, kana kwamba herufi hiyo, ya kwanza kati ya zile tatu za mwisho, ni umri wake. Herufi inaonyesha lini gari lilisajiliwa kwa mfumo wa namba za T, basi. Pikapu iliyoundwa mwaka 1996 inaweza kuwa na namba ya karibuni kwa sababu imechelewa kuingia nchini. Vilevile magari ya serikali na ya miradi, yale yenye STK au DFP, yanapouzwa kwenye mnada huacha namba zake za awali na kupewa namba ya mtu binafsi, hivyo Hilux iliyokwisha kuzunguka vumbi la mikoani kwa miaka mingi huja mjini na namba inayoonekana changa. Sisemi yakwepwe, mengi ya magari hayo yalikuwa na dereva mmoja na ratiba ya matengenezo, na mimi ningelichukua la mradi kabla ya lile lililokuwa likikodishwa kwa siku kwa yeyote mwenye mzigo. Ninachosema ni kwamba msomaji asome mwaka wa kuundwa ulioandikwa kwenye kadi, si herufi iliyopigwa kwenye kibao.

Ukiwa na kadi mkononi, ilinganishe na namba iliyogongwa kwenye chesisi yenyewe, ambayo kwa Hilux nyingi ipo kwenye reli ya mbele, karibu na gurudumu. Paguswe kwa kidole, maana palipowahi kusagwa na kugongwa upya hapawi laini kama pengine. Angalia madeni ya faini za trafiki na ya maegesho kwa kutumia namba ya gari, kwani hayo hufuata gari. Asiyetajwa kwenye kadi asikuuzie, hata akisema gari ni la shemeji yake aliye safarini. Mkataba uandikwe mbele ya wakili, na uhamisho wa umiliki ufanyike TRA mapema iwezekanavyo; gari linalotembea kwa jina la mtu mwingine litakusumbua siku ya ajali au siku utakapotaka kuliuza.

Injini sasa. Uikute ikiwa baridi. Mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika, kisha weka kiganja kwenye boneti kabla ya salamu kuisha, kwa kuwa injini ya dizeli iliyochoka huficha uvivu wake asubuhi ikiwa imepashwa mapema. Ikiwaka, fungua kifuniko cha oili: hewa ikisukuma kwa nguvu na mapigo, ringi za pistoni na silinda zimekwisha. Likiendeshwa, lipitishwe kwenye foleni ya Barabara ya Mandela, kutoka Ubungo kuelekea Buguruni, wakati wa jua kali, kisha litazamwe mshale wa joto.

Kuhusu aina, msimamo wangu haujabadilika: kwa mtu wa kipato cha kawaida, injini za zamani za Toyota za 2L, 3L na 5L, zenye pampu ya dizeli ya kimakenika, zinafaa kuliko zile za Hilux Vigo za 2KD na 1KD zilizokuja kuanzia mwaka 2004. Hizi za baadaye zina nguvu zaidi na hunywa mafuta kwa adabu, lakini nozeli zake za kupulizia dizeli hufanya kazi kwa shinikizo kubwa mno na hazivumilii maji wala uchafu katika dizeli, na kuzirekebisha kunahitaji mashine ambayo fundi wa chini ya mwembe hana. Injini ya 3L haina haraka. Ukiipandisha Kibamba na mzigo, utapitwa na daladala, na itabidi uzoee.

Pesa ya kununulia isiwe pesa yote uliyo nayo. Ya kwanza kutoka baada ya kununua iende kwenye mkanda wa taimingi, ambao unapaswa kubadilishwa kila kilomita 100,000 hivi, na ambao hakuna muuzaji atakayekuonyesha risiti yake. Ukikatika ukiwa njiani, pistoni hugonga valvu. Pamoja nao badilisha oili na filta zote, na usafishe rejeta. Hapa nina ugomvi wa siku nyingi na mafundi wetu. Gari likipata joto, wengi huing'oa thamostati, ile valvu inayofungua na kufunga njia ya maji kulingana na joto, na kuitupa, wakisema nchi yetu haina baridi. Katika injini ambazo thamostati yake hufunga pia njia ya pembeni ya maji, kuitoa kunayaacha maji ya moto yazunguke bila kupita yote kwenye rejeta, kwa hiyo dawa inakuwa sehemu ya ugonjwa. Na maji yenyewe yawe kulanti, kimiminika maalumu cha kupozea injini. Maji ya kisima ya pwani, mengi yakiwa na chumvi, hula silinda hedi polepole.

Kwenye spea nina kanuni inayowachekesha wauza maduka: ninapendelea kifaa halisi kilichotumika kuliko kipya cha kuigiza. Stata, altaneta, difu na giaboksi za mtumba hudumu. Vitu vya mpira, mikanda, pedi za breki na beringi sivinunui vikiwa vimetumika kamwe, na vitu hivyo huvilipia bei ya dukani bila kunung'unika. Gari lililokwenda ufukweni lioshwe chini kwa maji yasiyo na chumvi siku hiyohiyo, kisha propela, ile shafti inayopeleka nguvu nyuma, na viungio vyake vipigwe grisi.

Wapo pia wasiohitaji pikapu hata kidogo. Mwenye duka Sinza anayepeleka kreti za soda mitaa ya jirani atahudumiwa vizuri na kirikuu ya Suzuki Carry, ambayo kwa injini ya cc 660 hubeba kilo 350 na kupenya vichochoro ambavyo Hilux haigeuki. Pikapu ni ya anayejenga, anayefuga nje ya mji, au mwenye shamba Mkuranga au Bagamoyo ambako mvua za masika hugeuza njia kuwa tope, na mtu huyo akipata chesisi nzima yenye injini mbovu kwa bei ya chini, ninamshauri alipe na kulivuta gari hilo moja kwa moja hadi gereji.