Usugu wa fangasi: lawama haziishii famasi

Hoja ya kubana uuzaji wa flukonazoli, dawa ya fangasi, inazidi kupata watetezi miongoni mwa watu wa afya, na si ya kupuuzwa. Pita famasi za Kariakoo au Mbagala jioni: mtu anaomba "dawa ya fangasi", anakatiwa kidonge kimoja cha miligramu 150, analipa, anaondoka. Hakuna cheti, wala aliyemuuliza kama anatumia ARV. Mwenye kinga iliyoshuka, anayerudiwa na utando mweupe mdomoni, akimeza dozi nusunusu anawapa fangasi wa kandida nafasi ya kuizoea dawa. Wanaotaka cheti cha daktari kidaiwe wana haki kwa hilo.

Tatizo ni pale duka linapobebeshwa usugu wote, hata ule unaoua wodini.

Homa ya uti wa mgongo inayoletwa na fangasi aitwaye kriptokokasi huwakamata zaidi wenye VVU ambao CD4 zao, yaani chembe za kinga, ziko chini ya 100. Kwa miaka mingi wengi wao barani Afrika wametibiwa kwa flukonazoli peke yake, tena hospitalini, kwa maelekezo ya daktari, hadi miligramu 1,200 kwa siku. Utafiti wa wagonjwa 20 hapa Tanzania, uliochapishwa 2019, ulifuatilia fangasi waliotolewa kwenye maji ya uti wa mgongo. Tangu mwanzo, kabla dawa haijafanya kazi, ndani ya kundi lilelile la fangasi walikuwamo wachache wanaoistahimili flukonazoli, wakisaidiwa na nakala ya ziada ya kromosomu, yaani uzi unaobeba vinasaba. Dawa hii huzuia fangasi wasikue kuliko inavyowaua. Ikiachwa peke yake, wanyonge hupungua na sugu huachiwa uwanja. Wiki mbili baadaye, kwa waliopewa flukonazoli peke yake, sehemu ya hao sugu ilikuwa imepanda. Kwa waliochanganyiwa flusaitosini, dawa nyingine ya fangasi, ongezeko hilo lilizuiwa.

Matokeo hayo ni mazito. Usugu ule ulikua kitandani, dozi ikimezwa kwa saa yake. Mgonjwa hakuruka kidonge, hakununua nusu pakti. Hata famasi zote za jiji zingedai cheti, kwake isingebadilika kitu.

Flusaitosini yenyewe ni dawa ya zamani, ilitengenezwa 1957. Mwaka 2018 jaribio la tiba ya ugonjwa huu liitwalo ACTA, ambalo Tanzania ilishiriki, lilionyesha kuwa vidonge vyake pamoja na flukonazoli ni tiba inayofaa hata pasipo dripu. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likapendekeza dozi moja kubwa ya amfoterisini B ya liposomu, dawa ya dripu iliyofungwa ndani ya vitone vya mafuta, pamoja na flusaitosini na flukonazoli kwa siku 14. Wapo wanaosema ni gharama, na kwamba amfoterisini huumiza figo. Ni kweli, ila dozi moja haifanani na dripu za wiki nzima.

Kuna pia njia ya kuwahi. Jaribio lililofanyika Dar es Salaam na Lusaka, likachapishwa 2015, liliwapima kriptokokasi kwenye damu wenye CD4 chini ya 200 na kuwatembelea nyumbani walipoanza ARV. Vifo vilipungua kwa asilimia 28.

Ukaguzi wa famasi uendelee, ila usimlazimishe mama wa Chanika kulipa nauli na kupanga foleni kwa kidonge kimoja wakati wodini dawa ya pili inapokosekana. Fedha na nguvu zianzie kwenye oda ya flusaitosini Bohari ya Dawa, na kwenye kipimo cha kriptokokasi katika kila CTC, kliniki ya wenye VVU.