Viton si dawa ya kila sili inayovuja

Sili, yaani mpira unaozuia mafuta yasitoke, ikivuja mara mbili kwenye mashine ileile, ushauri wa haraka dukani ni "weka Viton", aina ya mpira wa bei ghali. Una ukweli ndani yake, lakini nusu tu.

Nitrili, ule mpira mweusi wa kawaida, huundwa kwa butadieni na akrilonitrili. Akrilonitrili ikizidi, mpira huhimili mafuta na petroli vizuri zaidi, ila hukakamaa upesi kwenye baridi. Aina nyingi huwa nayo karibu asilimia 34. Ndani ya hidroliki yenye nyuzi 80 hauna ubishi, na bei yake ni ndogo. Ukikaa muda mrefu juu ya nyuzi 100 ndipo huharibika: oringi (sili ya duara kama pete) hutoka kwenye mfereji wake imelala bapa, ngumu, na ukiikunja inakatika. Ozoni nayo huitia nyufa, kwa hiyo usiitundike karibu na mota ya umeme wala juani.

Viton, jina la biashara lililoletwa na DuPont mwaka 1957, ni mpira wenye florini. Huhimili nyuzi 200 kwenye mafuta, na kwa sili ya krenki ya injini inayochemka sioni sababu ya kubania pesa.

Lakini asetoni huuvimbisha, mvuke huzichosha aina zake nyingi, na baridi huukakamaza. Chombo cha anga cha Marekani, Challenger, kilirushwa Florida tarehe 28 Januari 1986 asubuhi ya baridi kali, kikalipuka, na oringi za roketi zake zilikuwa za mpira wa jamii hii. Baadaye, mbele ya tume ya uchunguzi, mwanafizikia Richard Feynman alibana kipande cha oringi hiyo kwa kibanio na kukitumbukiza kwenye maji ya barafu. Alipokiachia, hakikurudi upesi kwenye umbo lake. Sili isiyorudi haizibi.

Kwenye breki zinazotumia mafuta ya glaikoli, si Viton wala nitrili: raba za silinda ni za EPDM, mpira wa aina nyingine. Hiyo nayo ukiiosha kwa dizeli au kuipaka grisi ya kawaida, inavimba na breki zinakwama.

Kabla ya kulaumu mpira, pima mfereji. Oringi ya unene wa milimita 3.53 kwenye kina cha 2.8 hubanwa karibu asilimia 20, kiasi kizuri kwa kiungo kisichosogea. Mfereji ukilika hadi 3.3, mbano hushuka chini ya asilimia 7, na hapo ghali na rahisi zote zitavuja.

Rangi isikudanganye, maana Viton ya kahawia ipo na nyeusi ipo. Pima uzito: kwa ukubwa uleule, Viton ni nzito kama mara moja na nusu ya nitrili. Wengine huichoma ili kuitambua. Usijaribu, moshi wake hutoa floridi ya hidrojeni, sumu inayounguza mapafu.