Vimondo: Mizani na Daftari Kwanza, Sumaku Baadaye

Wanaoingia kwenye ukusanyaji wa vimondo huanza kwa kununua sumaku, na kadiri inavyokuwa na nguvu ndivyo wanavyojiona wamejiandaa. Mimi naona mambo hapo yamekaa kichwa chini, miguu juu. Kifaa cha kwanza kiwe mizani inayosoma hadi sehemu ya mia ya gramu, cha pili daftari, na sumaku ije mwisho ikibidi. Jiwe lisilo na maelezo ya lilipookotwa, aliyelichambua na mikono liliyopitia limeshapungua thamani, kwa mwanasayansi na kwa mnunuzi vilevile.

Sumaku yenyewe haisemi mengi. Inavuta kimondo cha kawaida kwa sababu kina chuma chenye nikeli, lakini inavuta pia mawe ya magnetaiti, madini ya chuma ya hapa duniani, na inavuta mavi ya chuma yanayotupwa viwandani. Kwa upande mwingine, vimondo vingi kutoka Mwezini na Mirihi huvutwa nayo kidogo sana au visivutwe kabisa. Ubaya mkubwa zaidi ni kwamba sumaku kali ya neodimiamu hufuta kumbukumbu ya usumaku wa kale iliyomo ndani ya jiwe. Mwaka 2023 watafiti walionyesha hasara hiyo kwa NWA 7034, kimondo cheusi cha Mirihi ambacho kingeweza kueleza uga wa sumaku wa sayari hiyo mabilioni ya miaka iliyopita. Mguso wa sumaku za mkononi ulikuwa umeshaivuruga rekodi hiyo. Ukitaka kujua kama jiwe lina chuma, lisogeze taratibu karibu na sindano ya dira ndogo uone kama sindano inacheza. Inatosha.

Mizani inakupa jibu lenye uzito zaidi. Pima jiwe likiwa kavu. Kisha weka kikombe cha maji juu ya mizani, irudishe kwenye sifuri, ulifunge jiwe kwa uzi mwembamba na kulizamisha lote likining'inia bila kugusa kuta wala kitako cha kikombe. Gramu zinazosomeka sasa ni sawa na ujazo wa jiwe kwa sentimita za ujazo. Jiwe la gramu 148 likisoma 43 ndani ya maji, gawanya 148 kwa 43: gramu 3.44 kwa kila sentimita ya ujazo. Kondraiti za kawaida, vimondo vya mawe ambavyo ndivyo vingi vinavyoanguka, huwa kati ya 3.2 na 3.7 hivi. Graniti iko karibu na 2.7, hematiti safi, madini mengine ya chuma, hufika 5, na vimondo vya chuma hukaribia 8. Wengi hukosea pale jiwe linapogusa chini, maana mizani hupokea uzito wa jiwe na jibu la mwisho hushuka mno. Vipovu vya hewa vilivyonasa kwenye nyufa nazo ni shida, kwa hiyo litikise kidogo kabla ya kusoma. Jiwe lililoanguka juzi au linaloshukiwa kuwa la kaboni usilitie majini hata kidogo.

Vipimo vingine havichukui muda. Likwaruze jiwe kwenye upande usiong'arishwa wa kigae: hematiti huacha mstari mwekundu wa kahawia, magnetaiti wa kijivu cha kukoza, kimondo kwa kawaida hakiachi kitu au huacha alama hafifu. Sugua kona moja kwa tupa au msasa mpaka upate kidirisha cha ukubwa wa ukucha, uangalie kwa lenzi ya kukuza mara 10. Unatafuta punje za chuma kinachong'aa zilizotapakaa, na kondruli, yaani vijiduara vya madini vya milimita moja au chini ya hapo. Ukiona matundu ya vipovu kama ya mkate, karibu kila mara umeshika mavi ya chuma au jiwe la volkano. Ukiona kwatsi nyeupe, lirudishe ulikolitoa.

Basi jiwe limepita vipimo vyote. Bado si kimondo chenye jina. Majina hutolewa na kamati ya Meteoritical Society, chama cha kimataifa cha wanasayansi wa vimondo, na kuorodheshwa kwenye Meteoritical Bulletin, baada ya maabara kulichambua jiwe na sampuli kuwekwa kwenye taasisi: gramu 20 au asilimia 20 ya uzito wote, kiasi kilicho kidogo kati ya hivyo viwili. Wapo wanaolalamika kwamba huko ni kunyang'anywa. Sikubaliani nao. Bila sampuli hiyo hakuna njia ya kuhakikisha kwamba kipande kinachouzwa miaka 30 baadaye kimetoka kwenye jiwe lilelile.

Hapo ndipo biashara ya mawe ya Sahara inapoingia utata. Herufi NWA husimama badala ya Afrika ya Kaskazini-Magharibi, na namba inayofuata ni ya jiwe mahususi, au kundi la mawe, lililochambuliwa. NWA 869 ni kondraiti ya kundi la L iliyopatikana kwa wingi mno, vipande vingi vikiwa vidogo, na sasa jina hilo hubandikwa kwenye jiwe lolote la kahawia kutoka jangwani. Muuzaji anayesema "ni NWA 869" kwa sababu linafanana nayo amekuuzia makisio. Afadhali jiwe linalouzwa waziwazi kama NWA lisilochambuliwa: bei yake ni ya chini, linafaa sana kujifunzia kukata na kung'arisha, na halijakudanganya.

Lebo nzuri ina jina rasmi, aina, tarehe ya kuanguka au kupatikana, mahali, uzito wa kipande chenyewe, na majina ya waliokimiliki tangu mwanzo. Ongeza picha za pande mbili zikiwa na kijimche cha sentimita 1 kando yake. Ukikata jiwe, pima kila kipande upya na uandike kilichopotea. Msumeno wa unene wa milimita 1 ukitoa slesi za milimita 3 unakula robo nzima ya jiwe ikawa vumbi, na hasara hiyo lazima ionekane kwenye hesabu, la sivyo atakayejumlisha vipande baadaye atadhani kimoja kimeibwa. Lebo ya zamani usiitupe hata ikiwa imechakaa au ina makosa. Weka yako pamoja nayo.

Karatasi ni suala la sheria pia. Namibia hulinda vimondo vyake, kikiwamo Hoba cha takriban tani 60 ambacho hakijawahi kuhamishwa, na Argentina hairuhusu vimondo vyake vya chuma vya Campo del Cielo vitolewe nchini. Afrika Kusini hudai kibali. Denmark humtaka aliyeokota kimondo akabidhi kwa serikali, kisha humlipa zawadi. Marekani, kwenye ardhi ya umma inayosimamiwa na BLM, idara ya ardhi ya serikali kuu, mtu anaweza kuokota bila kibali hadi ratili 10 kwa mwaka kwa matumizi yake binafsi, lakini si kwa kuuza. Ukionyeshwa kipande cha Gibeon, kimondo cha chuma cha Namibia, au cha Kimondo cha Mbozi, uliza kilitoka lini na kwa ruhusa ya nani. Vipande vya zamani vilivyotoka kihalali vipo, na mwenye navyo hachukizwi na swali hilo.

Vimondo vya chuma vina mtihani wao. Tofauti na jiwe, chuma hukatwa, kikang'arishwa na kutiwa asidi ili ruwaza ya Widmanstätten ijitokeze, yale mabapa ya kamasaiti na taenaiti, aina mbili za chuma chenye nikeli, yaliyokua chuma kilipopoa polepole kwa mamilioni ya miaka. Anza na msasa namba 120, kisha 220, 400, 600 na 800, ukigeuza mwelekeo wa kusugua kila unapobadilisha namba. Usipande namba kabla mikwaruzo ya ile iliyotangulia haijaisha, maana asidi huifumua yote na utaanza upya. Dawa yenyewe ni mililita 5 za asidi kali ya nitriki zinazomiminwa kidogokidogo ndani ya mililita 95 za ethanoli. Asidi ndiyo huingia kwenye spiriti, kamwe si kinyume chake. Fanyia nje, vaa glavu na miwani, usivuke asilimia 10, na usiufunge mchanganyiko huo kwenye chupa uuweke, kwa kuwa unaweza kulipuka. Paka kwa brashi laini hadi ruwaza ionekane, ua asidi kwa maji yenye magadi soda, suuza kwa spiriti safi mara kadhaa, kisha kaushia kwenye joto la nyuzi 90 kwa saa chache.

Watu hulia wametapeliwa wakati kosa ni la kutojua upana wa mabapa. Ya Gibeon yana wastani wa milimita 0.3, kwa hiyo hata kipande cha ukucha hupendeza. Ya Campo del Cielo hufika milimita 3. Ya Sikhote-Alin, iliyoanguka Urusi Februari 12, 1947, ni mapana kiasi kwamba slesi ndogo inaweza isionyeshe mstari wowote, nayo ni halisi kabisa.

Kutu ndiyo adui wa kila siku, na klorini kutoka ardhini ndiyo huichochea. Ukiona matone ya rangi ya chai yakitoka kwenye chuma, vanishi haitasaidia. Itafungia unyevu ndani na kutu iendelee chini yake. Iondoe kutu, loweka kipande kwenye spiriti kavu ukibadilisha kila inapogeuka rangi, kausha, kisha hifadhi kwenye kisanduku kinachofunga vizuri chenye silika jeli, zile punje za kufyonza unyevu, unyevu usizidi asilimia 40. Silika ikibadilika rangi, ikaushe kwenye oveni uirudishe.

Namba ya kipande usiiandike kwa kalamu moja kwa moja juu ya jiwe. Paka tone la Paraloid B-72, plastiki angavu iliyoyeyushwa kwenye asetoni, mahali pasipo na ganda jeusi la kuungua, andika juu yake kwa wino, kisha paka tone jingine. Hutoka tena kwa asetoni bila kudhuru kitu. Orodha yenye namba hizo ichapishwe kwenye karatasi na iwekwe ndani ya sanduku lenyewe, pamoja na jina la makumbusho au mkusanyaji wa kupigiwa simu, kwa sababu warithi hawana nywila ya kompyuta yako, na mawe meusi yasiyo na maelezo hutupwa pamoja na takataka za stoo.