Barua iliyosema nakunywa kidogo

Aisee hii ilinikuta Arusha kipindi natafuta kazi ya udereva wa watalii. Si unajua mwezi wa sita ukikaribia kampuni zinahaha kutafuta madereva, wageni wanamiminika kwenda Serengeti kuangalia nyumbu, na mimi nikasema basi zamu yangu hii. Leseni ninayo, Landkruza naijua mpaka bolti zake, Kiingereza cha simba na tembo nakimwaga vizuri tu. Kilichobaki ni barua ya bosi wa zamani.

Sasa bosi wangu wa zamani ni mzee mmoja wa Moshi, mtu mwema sana, ila kwenye Kiingereza humwambii kitu. Alisoma enzi zile za viboko, ukiandika "I am driver" anakusimamisha mbele ya watu, "Wewe kijana! A iko wapi? A driver!" Kwa yule mzee sentensi isiyo na "a" ni sawa na mtu aliyetoka bafuni bila taulo. Basi anaimwaga popote, samani kwake ni "a furniture", mizigo "a luggage", ushauri "an advice", vitu ambavyo Waingereza wenyewe hawavihesabu hivyo yeye anavihesabu tu kimoja kimoja. Na nani amsahihishe, mtu ndo anakulipa mshahara?

Nikamwomba barua, akaandika kwa mkono wake, akapiga muhuri, akafunga bahasha na gundi. Nikasema mzee nichungulie basi. "Hiyo ni yao, si yako. We peleka, nimekusifia mpaka basi."

Nikapeleka.

Mwenye kampuni ni mama mmoja wa Kiingereza, mtu mzima, anaongea taratibu. Akafungua bahasha, akasoma, akanitazama, akasoma tena, akavua miwani. Mimi nikajua zile sifa zimemzidi, nikakaa vizuri kwenye kiti.

Akaniuliza, kwa Kiingereza, hapa imeandikwa una "many experiences", ni zipi hizo? Nikamwambia oh nyingi sana madam, ya tembo, ya polisi, ya kulala porini na wachumba wawili waliokuwa wamenuniana. Akaandika kitu.

Akasema, na pia umepata "a few accidents". Kichwani nikatafsiri haraka, few ni chache, chache ni sifa, nikatabasamu mpaka jino la mwisho, "Yes madam! Only a few!" Akauliza za nini, nikasema nyingine hata sizikumbuki. Nilikuwa nawaza zile pancha za Himo na siku niliyokwaruza geti la mzee, si vitu vya kuvitunza moyoni.

Mama akameza mate. "And you drink a little at work?"

Hapo bwana nikajua ananichokoza kirafiki, maana chai ndo ugonjwa wangu. Nikafunguka. Nikamwambia ndio madam, a little asubuhi ili macho yafunguke, a little nikishapakia wageni, na barabarani chupa yangu inakaa hapa karibu na gia nisihangaike kuitafuta, wageni nao nawamiminia, kule ukingoni Ngorongoro ni zaidi ya mita 2,200, baridi ile bila kitu cha moto mwilini huendeshi. Akaniuliza wageni wanakubali? Nikasema wanaifurahia sana, wengine wanaomba kikombe cha pili.

Akanyamaza. Akafungua droo akatoa kidude kina mrija, akasema puliza. Nikafikiri wanapima mapafu kwa ajili ya hiyo milima, nikavuta pumzi nikapuliza kwa moyo mmoja. Kikasoma sifuri. Akakitikisa, nikapuliza tena, sifuri. Nikaona nimefaulu, nikamwambia naweza kuongeza.

Dada wa mapokezi alikuwa analeta mafaili, akaona ile barua mezani, akaisoma kimyakimya, mabega yakaanza kumtikisika. Akaniinamia, "Kaka, aliyekuandikia hii barua mna ugomvi?"

Ndo akanieleza pale pale. Kumbe ukisema "he had few accidents" umemsifia mtu, ajali ni za kutafuta, karibu hamna. Weka ka-a kamoja tu mbele, "a few accidents", mambo yamegeuka, maana yake zipo, kadhaa, kaa nazo mbali. Kwenye little ni vilevile, few ni ya vinavyohesabika, little ni ya visivyohesabika, "he drinks little" mtu hanywi kihivyo, "he drinks a little" anakunywa huyu, tena kazini. Na experience ikiwa ni uzoefu haiongezwi s, ukiiwekea s inakuwa mikasa, na mikasa nilishaitaja yote kwa mdomo wangu mwenyewe. Yaani herufi moja! Sisi chache ni chache na kidogo ni kidogo, hatuna mtego huo, tumekaa kwa amani.

Ikabidi mzee apigiwe, spika ikawekwa. Mama akamuuliza ajali ngapi. Mzee kwa sauti ya mkutano, "Madam, a few! Tyres only! And my gate!" Na kinywaji je? "Tea, madam! Madereva wangu wengine wanakunywa chai kutwa nzima, huyu anakunywa a little na anarudi kazini!" Mama akacheka mpaka akashika meza, na kazi ikawa imepatikana hapo hapo. Ila mzee hajui kuishia pazuri, akaongeza, "But he puts many sugars!"

Yule dada akakunja uso, sukari haihesabiki. Mama akainua mkono akasema hapana, hapo mzee yuko sahihi, kwao kwenye kikombe sukari wanaihesabu, "two sugars" ni vijiko viwili. Akanigeukia.

"How many sugars?"

Nikasema "Six."

Kwenye zile ajali alishaweka kalamu chini. Akaichukua tena.