Mti mkavu uachwe usimame

Nina ubishi wa siku nyingi na watu wanaoamini kwamba kuhifadhi ni kulinda msitu mnene tu, ule ambao hata jua halipenyi. Pori la wazi, lenye miti iliyoachana, nyasi chini na vigogo vikavu huku na huku, wao huliona ni ardhi iliyokaa bure. Ndege ninayemtumia kuwajibu anaishi Australia, na jina lake la kitaalamu ni Artamus cyanopterus. Nitamwita mbayuwayu wa porini, kwa jinsi anavyoruka na umbo la mabawa yake, ingawa hana undugu wa karibu na mbayuwayu wanaojenga chini ya mapaa yetu.

Kwa mbali utasema ni ndege wa kahawia tu, hana lolote. Msogelee. Mwili ni wa rangi ya moshi, mabawa yana kijivu kilichokolea chenye ubuluu ndani yake, na ukingoni mwa bawa umepita mstari mwembamba mweupe. Mkia ni mweusi wenye ncha nyeupe. Mdomo ni wa kijivu cha buluu, na ncha yake ni nyeusi. Urefu wake ni sentimita 18 hivi. Anakaa juu ya tawi kavu akiyumbisha mkia kushoto na kulia, ghafla anaruka, anakamata mdudu hewani, anarudi palepale. Kisha utamwona anaelea juu angani bila kupiga mabawa, jambo ambalo ndege wengi wadogo hawaliwezi. Ulimi wake una nywelenywele nchani, kwa hiyo maua yakichanua hulamba na nekta.

Ila kinachonivutia zaidi ni wanavyoishi pamoja. Mchana wanapanga mstari kwenye tawi moja, bega kwa bega, wakigusana. Jioni ya baridi wanakusanyika kwenye shina la mti au panda ya tawi, mmoja anajishikiza juu ya mwenzake, makumi kwa makumi, mpaka wanakuwa fungu moja kama nyuki waliotua. Kwa namna hiyo wanabakiza joto. Na watafiti wameonyesha kwamba usiku wa shida ndege huyu huweza kushusha joto la mwili wake ili asimalize mafuta aliyojiwekea. Akitokea mwewe, mkusanyiko huohuo unageuka jeshi: wanamfuata angani na kumsumbua mpaka aondoke. Kwenye kulea pia, wakati mwingine ndege wengine huwasaidia wazazi kulisha makinda.

Makao yao ni mapori ya mikaratusi ya mashariki na kusini mwa Australia, pamoja na kisiwa cha Tasmania. Mkaratusi ule tunaoujua Afrika Mashariki kwa nguzo za umeme na kuni za viwanda vya chai, kwao ni mti wa asili. Wale wa kusini kabisa huzaliana majira ya joto, na baridi ikikaribia huhamia kaskazini. Tago lao ni la vijiti vilivyolegea, wala halivutii: hulitia kwenye panda ya mti, nyuma ya gome lililobanduka, au juu ya kisiki kilichooza katikati. Hata kichwa cha nguzo ya uzio kinawatosha. Mayai huwa matatu au manne.

Sasa liangalie hilo pori kwa macho ya mwenye trekta. Miti imeachana, udongo ni mzuri, nyasi zipo. Ndiyo maana kwenye miteremko ya magharibi ya milima ya Great Dividing Range sehemu kubwa ya mapori ya aina hii ilikatwa kupisha ngano na kondoo. Vilivyobaki ni vipande vipande, na kwenye vipande hivyo ameingia mkorofi: Manorina melanocephala, ndege wa kijivu mwenye mdomo wa manjano, wa asili ya hukohuko. Huyu hustawi kwenye kingo za pori na mahali pasipo vichaka, huishi kwa makundi, na hufukuza karibu kila ndege mdogo anayekanyaga eneo lake. Mwaka 2014 serikali ya Australia iliutambua rasmi ukorofi huo kuwa tishio kwa ndege wengine. Mimi simlaumu Manorina. Aliyemfungulia mlango ni mkata miti.

Mwaka 2016 jimbo la New South Wales lilimweka mbayuwayu wa porini kwenye orodha ya viumbe walio hatarini. Bado yupo sehemu nyingi, na hilo linawafanya wengine waone orodha hiyo ni kelele za bure. Nawapinga kabisa. Ndege anayetegemea kundi ili apite usiku wa baridi hawezi kusubiriwa mpaka wabaki watatu ndipo atetewe.

Ninachodai hakihitaji teknolojia. Miti mikavu isikatwe kuni wala isiondolewe kwa kisingizio cha usafi wa shamba. Chini ya mikaratusi iliyobaki vipandwe vichaka vya asili, ili Manorina asipate uwanja wa kutawala. Vipande vya pori viunganishwe. Na kazi ianzie kwenye mashamba ya watu binafsi, kwa sababu huko ndiko sehemu kubwa ya pori hilo iliposalia, wala si ndani ya hifadhi za taifa.