Niliambiwa ncha ya kijiko

Hii Julai ya Nairobi nani aliitengeneza jameni. Unaamka jua hakuna, saa sita mchana jua hakuna, mawingu yamefunika mji kama kifuniko cha sufuria, na sisi wa Pipeline ambao ghorofa zimebanana mpaka unaweza kumpa jirani wa ng'ambo chumvi kupitia dirishani, hata siku jua ikitoka tunaambiwa tu na watu wa gorofa ya juu. Naoga kwa maji ya moto na bado natoka bafuni nikitetemeka kama simu.

Sasa katikati ya hiyo baridi ndio Mamdogo akanipigia kutoka Mombasa. Mamdogo ni mdogo wake mamangu, amenilea miaka mingi pale Kisauni, na kwake baridi ni ile upepo wa alfajiri ya kuvaa leso mbili. "Mwanangu, Jumamosi naja, Jumapili kuna harusi huko kwenu. Lakini nasikia huko wafa kwa baridi." Na mimi, sijui ni nini kiliniingia, nikamjibu kwa kifua, "Mamdogo usijali, nitakupikia supu ya maharagwe na mboga, ukimaliza bakuli moja utavua sweta mwenyewe."

Maisha yangu yote sijawahi pika supu ya maharagwe. Nimeinunua kibandani, na chapati, mara nyingi sana.

Lakini kuna vidio nilikuwa nimeona kwa simu. Jamaa fulani wa majuu, nje theluji inaanguka, anatupa kila kitu kwa sufuria moja, kitunguu, karoti, nyanya, maharagwe, anafunika, dakika 30 baadaye anapakua supu nzito mpaka kijiko kinasimama. Nikasema hii ni kazi ndogo. Kitu sikuona, na nimekuja kurudia hiyo vidio baadaye nikiwa na uchungu, ni kwamba yule jamaa alikuwa amefungua mkebe. Maharagwe yake yalikuwa yameiva kabla hata hajavaa aproni.

Yangu yalikuwa nyayo makavu, nusu kilo, yametoka kwa gunia la mama mboga hapo chini. Na kuloweka sikuloweka. Nilikumbuka kuloweka wakati Mamdogo alinitumia meseji "nimepanda treni", na hiyo ni ile ya saa tisa mchana inayoingia Syokimau usiku, nikapiga hesabu nikaona masaa matano mbele yangu, supu ni nini. Nikawasha meko, nikamwaga maharagwe, karoti, waru, kabeji robo, minji, hoho, nyanya nne, kitunguu saumu, tangawizi, kila kitu mara moja kama yule jamaa. Nikafunika nikaenda kuangalia mpira.

Saa kumi na moja nikafunua. Waru zilikuwa zimeyeyuka. Kabeji sikuiona tena, mpaka leo siwezi kusema ilienda wapi. Karoti ukiigusa inasambaratika. Maharagwe sasa. Nilichota moja nikaliweka kwa jino la nyuma nikauma, likateleza likagonga jino la upande wa pili, ta! kama gololi. Nikaongeza maji. Saa kumi na mbili, gololi. Saa moja kasoro, gololi zilizovimba kidogo.

Hapo ndio nikagonga kwa jirani yangu, mwalimu wa fizikia, mtu mzuri sana ila ukimuuliza saa anaanza na mzunguko wa dunia. Akaja na slipa zake akaangalia sufuria huku amekunja mikono. "Kwanza," akasema, "Nairobi iko juu, kama mita 1,800, maji hapa yanachemka kwa digrii kama 94, si 100 kama kwenu Mombasa. Maharagwe lazima yachelewe. Pili, nani alikuambia uweke nyanya mapema? Ile asidi inafanya ngozi ya haragwe inakuwa ngumu, nyanya huwekwa yakishaiva." Nikamwambia sawa mwalimu, nimeelewa, na sasa tunafanya nini? Akasema hiyo si fizikia, akarudi kwake.

Nikashuka ngazi mbio mpaka kwa mama mboga. Akacheka kwanza, akamwita na mwenzake wa viatu wacheke pamoja, halafu akafungua mkebe akanifungia magadi kwa kikaratasi cha gazeti. Magadi ile ya kawaida, ya kutoka Ziwa Magadi, ile wanaweka kwa githeri, na wazee wanachanganya na ugoro. "Weka ncha ya kijiko," akaniambia. "Umesikia? Ncha."

Nilisikia. Tatizo ni kwamba kupanda gorofa tano unakuwa na muda mwingi wa kufikiria. Nikafikiria, kama ncha ya kijiko inaivisha polepole, na Mamdogo ako karibu Athi River saa hii, si basi tusaidie hiyo ncha. Nikafika, nikafungua kikaratasi, nikamwaga yote.

Kwa sekunde kama mbili hakuna kitu kilifanyika. Halafu supu ikapumua. Nasema hivyo kwa sababu ndivyo ilifanya, katikati ilinyanyuka ikiwa mviringo, polepole, kama tumbo la mtu amelala chali, halafu ikaanza kunguruma, ssssshhh, povu la rangi ya kutu likaja juu limebeba vipande vya karoti kama abiria, likafika ukingoni likasimama, mimi na yeye tukaangaliana, halafu likamwagika pande zote. Meko ikazima. Harufu ya gesi ikajaa nyumba. Nikafunga gesi, nikafungua dirisha, baridi yote ya Embakasi ikaingia ikakaa kwa kiti.

Sasa kusema ukweli magadi ilifanya kazi. Nilipowasha tena, nusu saa tu maharagwe yakalainika, yaani yakapitiliza kulainika, ngozi zilikuwa zinaelea peke yake. Nikafurahi nikatupa sukuma wiki juu na ile sukuma ikawa kijani ambayo sijawahi ona kwa mmea, kijani ya rangi ya matatu mpya. Nikaonja.

Sabuni. Si ati ilikuwa na kaladha ka sabuni kwa mbali. Ilikuwa sabuni ya kipande, ile ya kufulia soksi, imewekwa chumvi na tangawizi.

Simu ikalia. "Mwanangu tushafika, nipo kwenye teksi, baridi yaniuma mpaka meno."

Hapo akili yangu ikakumbuka mwalimu amesema nyanya ni asidi, na magadi si ni kinyume cha asidi, basi nikitia asidi vitauana vitoke. Nilikuwa na limau tatu. Kwa nadharia sikukosea hata kidogo, na mwalimu mwenyewe alikuja kukubali. Ila nilikamua zote tatu kwa mkupuo mmoja ndani ya sufuria imejaa mpaka juu na inachemka. Hii ya pili haikusimama ukingoni kuniangalia. Ilipanda kama soda iliyotikiswa, ikashuka kwa meko, ikafika sakafuni, ikapita chini ya mlango kuelekea koridoni. Na ile iliyobaki nilipoonja, wueh, ilikuwa sasa ni sabuni ya kuoshea vyombo, yenye harufu ya limau.

Nikiwa nimepiga magoti napanguza na fulana yangu ndio mlango ukafunguka.

"Shikamoo Mamdogo."

"Marahaba." Alikuwa amevaa buibui, juu yake sweta, juu ya sweta jaketi la mjomba. Akaangalia povu, akaangalia mimi, akaangalia sufuria. "Mwanangu, wapika ama wafua?"

Sikujibu. Akachukua kijiko, akaonja kidogo sana kwa ncha ya ulimi (yeye ncha anaijua), akafunga macho. "Lahaula." Halafu akaweka mkoba chini, akavua jaketi, akavua sweta, akafunga leso kiunoni. Kwa hiyo kama kuna mtu anataka kujua, ahadi yangu niliitimiza, nilisema atavua sweta na akavua.

Akamwaga ule mchuzi wote chooni. Akayasuuza maharagwe mara tatu, polepole kwa mkono yasivunjike, na maji yenyewe nimenunua kwa mtungi nikawa naumia nikiangalia yakienda lakini ningesema nini. Ile sufuria ya aluminiamu ilikuwa imebaki na duara jeusi ndani, pale magadi ilikuwa imefika, na hiyo duara nimesugua na waya mpaka leo haijatoka. Halafu akafungua mkoba akatoa nazi mbili. Mtu anakuja harusi Nairobi na nazi mbili kwa mkoba, nikamshukuru Mungu kimoyomoyo.

"Mbuzi yako iko wapi?"

"Sina mbuzi Mamdogo."

"Huna mbuzi?!" Sasa Mamdogo hajui kuta za Pipeline. Sauti yake ni ya uwani, ya kuita mtoto aliye baharini. "Miaka yote hii wakaa bila mbuzi? Na mimi nimekuja nataka mbuzi, usiku huu!"

Tukakuna nazi kwa kile kikuno cha karoti, vidole vyangu viwili vikakatika. Akakaanga kitunguu upya na karoti mbili zilizobaki, akarudisha maharagwe, akatia tui jepesi, yakatokota, mwishoni tui zito na pilipili nzima moja ikielea. Supu ya mboga haikuwa tena, ilikuwa maharagwe ya nazi mazito ambayo kwa mbali sana, ukitafuta, bado yana ka-sabuni. Lakini ilikuwa moto, madirisha yakaingia ukungu, na mimi sikuwa na nguvu ya kulalamika.

Tunapakua tu, mlango ukagongwa. Kufungua ni mwalimu, ameoga, amebadilisha shati, ana sahani mkononi.

"Nimesikia kuna mbuzi," akasema, na akanyoosha mkono wa pili. "Nimeleta limau."

Mamdogo akaangalia lile limau kwa muda.

"Wewe karibu, baba," akamwambia. "Hilo libaki koridoni."